Mrejesho: Vilio vya asubuhi darasani, Bukavu

Wapendwa, niliuliza namna ya kuwatuliza watoto wa materneli (shule ya watoto wadogo) wanaolia mama akigeuka kuondoka. Shauri lililosaidia zaidi ni mzazi kuaga waziwazi, asitoroke. Mama anasema, "Nitakuja kukuchukua saa sita," anaenda. Machozi yapo bado, ila yanakauka upesi.

Kuna mtoto mmoja wa Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, kwao wanaongea Mashi tu, lugha ya kienyeji ya huku. Alikuwa haongei kabisa. Nilipomsalimia kwa Mashi alicheka, na sasa ndiye anayeanzisha nyimbo! Furaha niliyopata siwezi kuieleza.

Mvua ikipiga mabati hawanisikii, kwa hiyo tunafuatana kwa kupiga makofi. Kung'atana wakigombea kalamu za rangi bado kunanisumbua. Mama na dada wenye uzoefu, mnafanyaje?