Je, asiyeamini ampinge rafiki yake katika mambo ya imani?

Swali la Asiyesali (Nakuru):
Niliacha kumwamini Mungu nilipokuwa chuoni, na rafiki yangu wa karibu kuliko wote ni mlokole asiyekosa kesha la Ijumaa. Tumeelewana miaka kumi na miwili kwa sababu yeye hanihubirii, nami simbishii. Alipofiwa na mwanawe, aliniambia katika matanga kwamba Mungu amempumzisha mtoto, nami nikaitikia kwa kichwa ingawa sikuliamini neno hilo. Ukimya ule sijaujutia. Mwezi uliopita, hata hivyo, alinieleza kwamba ameacha dawa za presha baada ya kuombewa, kwa kuwa kuendelea kuzimeza kungekuwa kuukataa uponyaji alioupokea. Niliitikia kwa kichwa tena, lakini safari hii nilirudi nyumbani nikiona haya. Je, nina haki ya kumpinga, au ukimya wangu wa kwanza umenifunga mdomo hata katika hili la pili?

Mtafiti (Nairobi):
Haki unayo. Ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya inampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, fikra, imani na maoni, na wewe ni miongoni mwa hao kila mtu. Tatizo ni kwamba tumezoea kuishi kama wageni: chama cha wasioamini kilisajiliwa mwaka 2016 na usajili wake ukasimamishwa mwaka huohuo, ukaja kurejeshwa baadaye, ilhali sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 750,000 wasio na dini. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni Shakahola, na wengi wa marehemu walikuwa waumini waliofunga kula wakitarajia kumwona Yesu. Baada ya hayo, siwezi kumshauri mtu anyamaze kwa ajili ya adabu. Mwambie wazi kwamba hakuna aliyemponya.

Muuguzi Mstaafu (Machakos):
Mimi ni Mkatoliki, na nimewahudumia wagonjwa wa presha kwa muda mrefu, kwa hiyo naomba nitofautiane na Mtafiti. Ukianza kwa kumwambia kwamba hakuna Mungu, mtakesha mkibishana kuhusu uumbaji na vidonge vitabaki kabatini. Presha ni ugonjwa wa hila kwa sababu kwa kawaida hauumi: mtu huacha dawa, hujisikia mzima, hutoa ushuhuda mbele ya kanisa kwa moyo mweupe kabisa, na huenda asijue kwamba imepanda hadi kiharusi kimwangushe. Zipo pia dawa ambazo zikikatizwa ghafla huipandisha presha kwa kasi. Rafiki yako hadanganyi anaposema anajisikia vizuri. Amekosa kipimo tu. Mwulize ni nani aliyempima tangu aombewe. Tena mkumbushe kwamba Luka, ambaye Injili yake anaisoma, anaitwa tabibu katika Waraka kwa Wakolosai, na hakuna mahali alipolaumiwa kwa kazi hiyo. Kuhusu matanga, ulifanya vyema. Mfiwa hakuwa akikuuliza swali.

Mwana wa Lamu:
Kwetu tunasoma, "Nyinyi mna dini yenu, nami nina dini yangu," na aya hiyo imetuwezesha kuishi na majirani wa kila namna. Lakini Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwagiza Bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Muumini anaweza kukosolewa ndani ya imani yake mwenyewe bila kuvuliwa imani hiyo.

Mtafiti (Nairobi):
Nakubali kwamba kipimo kina nguvu kuliko mjadala. Ninachokataa ni kumtuma asiyeamini akamhubirie rafiki yake kwa Biblia asiyoiamini, kwa sababu siku rafiki huyo atakapoing'amua mbinu hiyo, hatasadiki tena hata ushauri wa kweli.

Asiyesali (Nakuru):
Nawashukuru nyote. Nilimpigia simu jana, na kwa kuwa neno la Mtafiti lilinichoma, nikamwambia kwanza kwamba siamini kuwa ameponywa, kisha nikamwuliza kama amepimwa. Habari za Luka nilimwachia Muuguzi. Alikasirika sana, akaniambia kwamba nimengoja miaka yote hii nipate nafasi ya kumtukana Mungu wake, akakata simu. Usiku alituma ujumbe: atakubali kupimwa, kwa sharti kwamba presha ikionekana kuwa sawa, nitasimama kanisani kwake Jumapili na kueleza nilichokiona kwa macho yangu. Nami nimemwekea sharti langu, kwamba ikiwa juu atasimama yeye. Bado hajajibu kuhusu hilo, lakini ameuliza kliniki inafunguliwa saa ngapi Jumamosi.