Gari la sapoti lilikuwa la kumsapoti nani? Safari ya baiskeli Malindi–Lamu, pesa yangu naitaka

Jamani nimenyamaza wiki nzima nikijiambia hasira zitapoa, hazijapoa, basi acha niyamwage hapa.

Nililipa 18,000 safari ya siku tatu, Malindi mpaka Mokowe halafu boti tuvuke Lamu. Tangazo lilisema gari la sapoti nyuma ya kundi, fundi, maji kila kilomita 20, chakula, mizigo inabebwa. Mimi si mgeni wa baiskeli, kila Jumapili napiga Watamu na kurudi. Barabara ni ya bure, nilichonunua mimi ni lile gari la nyuma. Nani atajitolea peke yake kukata zaidi ya kilomita 200, apite Gamba na Witu, njia ambayo mabasi yenyewe yamezoea kusindikizwa na askari?

Kwanza, nyinyi waandalizi, ni nani alipanga Januari? Mtoto yeyote wa Malindi angewaambia Januari ni kaskazi, na sisi twaelekea huko huko upepo unakotoka. Majahazi ya zamani yalishuka na kaskazi yakangoja kusi ndio yarudi, nyinyi na baiskeli mmekuwa wajuzi kuliko manahodha! Ukivuka tu daraja la Sabaki upepo umekukaa kifuani, wafika Gongoni, wafika Marereni kwenye chumvi, koo kavu, miguu inawaka, na bado Garsen iko mbali. Haya, upepo ni wa Mungu, lakini tarehe ilikuwa yenu.

Sasa gari. Wale vijana wa baiskeli za mbio walichomoka mapema na gari likawafuata WAO. Wenye nguvu ndio wa kufuatwa, wanapigwa picha na droni, wanapewa tikiti maji, na sisi watu sita tuko nyuma tunagawana chupa moja ya maji ya moto. Mbele ya Marereni nikapata pancha. Napiga simu haishiki, napiga tena naambiwa "kaka tuko mbele kidogo tu, vumilia". Kidogo gani, masaa mawili juani! Fundi akaja na bodaboda, na nauli nikalipa mimi, kumbe kabeba tyubu za tairi nyembamba na pampu isiyoingia kwenye vali yangu, ile nene kama ya gari. Fundi wa vali moja! Si mngeuliza kila mtu ana baiskeli gani wakati wa kujiandikisha, ama mliuliza saizi ya fulana peke yake?

Aliyeniokoa ni mzee mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli yake ya Black Mamba, magunia mawili ya mkaa nyuma. Akaegesha, akatoa msasa, gundi na kipande cha tyubu kuukuu, kabla hata sijamaliza kumwamkia vizuri tairi limeshika. Pesa akakataa. "Nenda mwanangu, jua kali." Huyo ndio sapoti yangu ya 18,000.

Garsen tumeingia maghrib imepita, taa hatuna, chakula sitaki hata kukiongelea.

Asubuhi tunapanga baiskeli tunaambiwa tupande lori mpaka Mokowe, ati usalama. Usalama sikatai, wallahi sikatai, lakini hiyo barabara mlianza kuijua asubuhi hiyo? Mngesema kabla hatujalipa. Nusu ya njia niliyolipia nimeikalia kwenye lori nimekumbatia baiskeli kama mbuzi wa Idi.

Nikaomba warudishe hata nusu. Jibu: "ulisaini fomu". Nikauliza fomu ilisema gari litatuacha? Nikatolewa kwenye kundi la WhatsApp hapo hapo.

Wale watano tuliokuwa nyuma pamoja, nitafuteni inboksi twende pamoja kuwadai. Na nyinyi waandalizi najua mnasoma, begi langu la kijani bado liko kwenye gari lenu, ndani kuna kikoi cha marehemu baba. Hilo lileteni kwanza, ya pesa tutaongea.