Antivirusi za kulipia zimekuwa kero kuliko virusi vyenyewe

Wakuu, uvumilivu umenishinda. Nina duka la kuchapa nyaraka na kutoa kopi, kazi ambayo haifanyiki bila kupokea flashi za watu kutwa nzima, na ndiyo maana kila kompyuta ya Windows dukani nimeilipia leseni ya antivirusi.

Kila mwenye duka kama langu anakijua kirusi cha shortcut. Kinayaficha mafaili halisi ya mteja na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yaleyale. Antivirusi yangu ikikikuta inafuta hizo njia za mkato, inatangaza kwa maandishi ya kijani kwamba tishio limeondolewa, kisha inayaacha mafaili yamefichwa palepale. Mwalimu aliyeleta mitihani ya kidato cha pili akifungua flashi anaikuta tupu, na lawama zote zinaniangukia mimi. Inanibidi nifungue dirisha la amri na kuandika attrib na alama zake ndipo kazi yake ionekane tena. Kama mimi wa dukani naweza, kampuni inayotoza ada kila mwaka inashindwa nini? Inachoweza ni kumaliza bando kwa masasisho, kufunika kazi ya mteja kwa tangazo la VPN, na leseni ilipokwisha, kujikatia pesa kwenye kadi yangu bila hata kuuliza.

Programu hizi tunazipa mamlaka makubwa mno. Aprili 2010, sasisho la antivirusi ya McAfee liliiona svchost.exe, ambayo ni sehemu ya Windows XP yenyewe, kuwa ni kirusi, na kompyuta zikawa zinajizima na kujiwasha ovyo. Tarehe 19 Julai 2024 faili moja bovu la programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike likaangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa sababu programu hiyo hufanya kazi ndani ya kiini cha mfumo, ambako kosa dogo linazima mashine nzima. Safari za ndege zikafutwa, na mafundi wakalazimika kuzifuata mashine nyingi moja baada ya nyingine. Avast, nao watengenezaji wa antivirusi, ndio walinitia kichefuchefu zaidi: kupitia kampuni yao tanzu ya Jumpshot waliuza taarifa za tovuti walizotembelea wateja wao, hadi mwaka 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani ikawatoza dola milioni 16.5.

Tafadhali asije mtu kuniambia nihamie Linux au Mac. Kadi za harusi zilizotengenezwa kwa Publisher, programu ya Microsoft ya kupanga kurasa, hazifunguki sawasawa huko, na usalama wenyewe hauna uhakika kiasi hicho. Mwaka 2012 kirusi cha Flashback kiliingia kwenye Mac zaidi ya 600,000 kupitia tundu la usalama kwenye programu ya Java. Kwenye Linux, mlango wa siri uliopachikwa katika xz, programu ya kubana mafaili, uligunduliwa Machi 2024 na mhandisi Andres Freund, aliyeshangaa tu kuona kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa mbali, kunachelewa. Antivirusi zilikuwa wapi?

Leseni zangu siziongezi tena, na pesa niliyokatwa nimeshaandika kuidai. Kwa wenye maduka yanayopokea flashi: nani ametumia Defender peke yake, ile inayokuja na Windows, na anazuiaje flashi zisijifungue zenyewe zikichomekwa?