Friti kavu nyumbani: eafraya, babula au zile za barafu?

Yaya_wa_Himbi (Goma)
Jambo bote. Shemeji yangu katuletea eafraya, ile mashine ya kukaanga kwa hewa ya moto, kutoka Kigali, ya lita nne, wati 1500. Mume wangu keshatangaza mezani kwamba mafuta ya kukaanga hayanunuliwi tena humu ndani. Shida ni friti, hizi chipsi za viazi. Zinatoka na rangi nzuri, lakini ukiishika moja kwa ncha inajikunja, na watoto wameanza kuuliza friti za kweli zinarudi lini. Babula, jiko la makala yaani mkaa, na sufuria havijawahi kuniaibisha, ila bei ya mafuta mnaijua, na ya makala vilevile.

Nyinyi wenye mashine hii, Goma, Bukavu au Lushi (Lubumbashi), mnafanyaje? Mnatia viazi vibichi, mnavichemsha kwanza, au mnanunua vile vya barafu vya alimantasio, duka la vyakula? Mimi nachukua sokoni Virunga aina yoyote niliyoikuta.

Mwanakadutu (Bukavu)
Yaya, ugonjwa wako uko kwenye sentensi ya mwisho. "Aina yoyote" inafaa kwa mchuzi. Kwa friti tafuta Kinigi, kile chenye ngozi nyekundu, kina unga mwingi na maji machache. Kiazi kichanga, ambacho ngozi yake inatoka ukiisugua tu kwa kidole gumba, kiache kwa muuzaji. Kwenye sufuria mafuta mengi yatakisitiri. Eafraya haisitiri kitu: ni feni na waya wa moto, inapuliza hewa kavu, na kiazi cha maji kitamaliza muda wote kikitoa mvuke badala ya kukauka.

Kama muuzaji anaapa ni Kinigi na wewe una shaka, nunua viwili uende navyo nyumbani. Koroga kikombe kimoja cha chumvi katika vikombe kumi na kimoja vya maji, vitumbukize. Chenye unga kinazama, cha maji kinaelea. Ni muuzaji gani atabishana na bakuli?

Na usiviweke kwenye frigo. Baridi inageuza wanga kuwa sukari, kisha friti zinakuwa kahawia na chungu kabla hazijakauka. Kikapu gizani, mahali penye hewa, basi.

Fundi_Katindo (Goma)
Kiazi kina makosa yake, lakini ulizipika saa ngapi? Kwangu nina stabilizateri, kifaa cha kutuliza umeme, yenye kioo cha namba. Mchana inaonyesha volti 220 au karibu yake. Jioni, mtaa mzima ukiwa umewasha pasi na majiko, naona 170. Waya wa moto haupungui nguvu kidogo kidogo kama mnavyodhani: volti ikishuka hadi 170, wati 1500 zinabaki kama 900. Feni inazunguka, taa inawaka, kioo cha mashine kinakuandikia 200, lakini joto lenyewe halifiki huko upesi, na kila ukifungua kikapu linashuka tena. Friti zinaiva kwa mvuke wake zenyewe. Hapo hata Kinigi iliyotoka Kinigi kwenyewe, Rwanda, haitakusaidia.

Jaribu mchana, kiazi kilekile, uone. Halafu niambie hiyo mashine umeichomeka wapi.

Yaya_wa_Himbi
Jioni, papa. Tena jioni ndiyo saa ya kula! Imechomekwa kwenye ralonji (waya wa kurefushia umeme) ya televisheni, ile inayopita chini ya mkeka.

Mama_Kamalondo (Lubumbashi)
Mimi nasimama na mbabula, na wala sioni haya. Nyumbani kwetu tunakula watu tisa, na Jumamosi wakileta michopo, nyama ya kuchoma, hatuhesabu tena. Hicho kikapu cha lita nne, ukitaka friti zikauke, usikipe zaidi ya nusu kilo. Kwa watu tisa utasimama hapo mpaka usiku, na wa kwanza wameshalala.

Sufuria yangu inafanya kazi mara mbili, kama Wabeljiji wanavyofanya. Mara ya kwanza mafuta ya moto wa wastani, kama nyuzi 150 au 160, friti ziive ndani bila kupata rangi. Naziopoa, nazitandaza zipoe kabisa. Mara ya pili moto mkali, karibu 180, dakika mbili tatu, zinatoka zinalia. Kipimajoto sina. Natupa kijiti kimoja: kikizama na kutoa mapovu ya uvivu, hapo ni mara ya kwanza, kikipanda juu haraka na mafuta yakapiga kelele, ni mara ya pili. Mafuta nayachuja kwa kitambaa, natumia tena, nikiona yamekuwa meusi au yanatoa povu lisiloisha namwaga.

Hayo ya kusema eafraya inatoa ladha ileile ni maneno ya wanaouza eafraya.

Chai_Nyawera (Bukavu)
Mama Kamalondo, heshima yako, ladha si ileile, kweli. Lakini huo ufundi wako wa mara mbili unafaa kwenye mashine pia. Maji yanachukua nafasi ya mafuta ya kwanza. Yaya, mimi nafanya hivi:

Nakata unene wa kidole kidogo, kama sentimita moja, na vyote vilingane, maana vyembamba vitaungua vikingoja vinene. Naosha mpaka maji yasiwe meupe. Ule weupe ni wanga wa juu unaozifanya zigandane. Natia kwenye maji baridi yenye chumvi na kijiko kimoja cha siki, nabandika. Siki usiiruke, ndiyo inayozuia viazi visivunjike vikichemka. Naepua vikiwa vimelegea pembeni lakini bado vinashikika.

Muda usiuchukue kwenye video za Ulaya. Wao wako karibu na usawa wa bahari. Sisi huku Kivu, Goma na Bukavu, mita 1500 na zaidi, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo kiazi kinataka dakika zaidi. Chomeka ncha ya kisu, ndiyo saa yako.

Sasa sehemu ambayo watu wanaikimbilia. Namwaga maji, narudisha viazi kwenye sufuria tupu ya moto, natikisa kidogo mpaka pembe zichakae na kuwa na kama unga juu. Huo unga ndio utakaokuwa ganda. Kisha natandaza juu ya kitambaa safi na kuviacha mpaka mvuke uishe wote, ukigusa usisikie unyevu. Ukivitia vikiwa bado vinatoa moshi, kazi yote umeitupa. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kwa nusu kilo, nachanganya kwa mkono. Mashine iwe imeshawaka dakika tano. Nyuzi 200, natikisa kila baada ya dakika tano au sita, na kwenye dakika ya kumi na tano naanza kuangalia. Chumvi mwisho, kwenye bakuli.

Mwanakadutu
Vibichi vilivyolowekwa nusu saa na kukaushwa vizuri navyo vinatoka, kwa siku ya haraka. Ganda linakuwa jembamba tu, na zikipoa zinalegea upesi. Nakubaliana na Chai kuhusu kitambaa.

Eric_wa_Golf (Lubumbashi)
Mbona hamsemi za barafu? Mimi ni kijana, naishi peke yangu, nafungua pakiti, bila mafuta, dakika kumi na tano, zimekauka kuliko zenu zote.

Chai_Nyawera
Zinakauka kwa sababu kiwandani zimeshapitishwa kwenye mafuta, mdogo wangu. Hiyo "bila mafuta" yako ni mafuta ya mwenzako.

Fundi_Katindo
Na huko dukani umeme ukikatika usiku kucha, pakiti inayeyuka, asubuhi inaganda tena. Ipapase kabla hujalipa: ukisikia donge moja badala ya vijiti vinavyoachana, rudisha.

Yaya_wa_Himbi
Aksanti kabisa. Na hesabu ya umeme? Mita yangu ni ya kununua yuniti.

Fundi_Katindo
Wati 1500 kwa dakika ishirini ni nusu yuniti. Vikapu viwili, yuniti moja, na kwa kweli pungufu kidogo, kwa sababu joto likifika mashine inajizima na kujiwasha. Linganisha na bei ya yuniti kwako na mafuta unayomimina sufuriani.

Mama_Kamalondo
Hesabu yako imeacha maharage, fundi. Makala ninayowasha yanaivisha maharage kwa muda wa saa tatu, yanachemsha maji ya kuoga watoto, na friti zinakuja mwishoni juu ya moto uleule. Yaya, kama babula yako inawaka hata hivyo, hizo friti hazina bei ya makala.

Fundi_Katindo
Hapo sina jibu, mama.

Yaya_wa_Himbi
Basi nimepanga. Siku za kawaida tuko watano: Kinigi, siki, kitambaa, na nazipika mchana watoto wakitoka shule, jioni tutakula sombe na bugali. Jumapili wakija wakwe nawasha babula na kukaanga mara mbili kama mama wa Kamalondo. Mume wangu akitoka ibadani na kukuta mafuta sufuriani, atawaeleza wazazi wake mwenyewe lile tangazo lake.

Chai_Nyawera
Mpe sahani ya kwanza, hatauliza.

Fundi_Katindo
Ila ralonji usiingoje Jumapili. Nyaya za televisheni ni nyembamba, mashine hiyo inavuta karibu ampea saba, na chini ya mkeka joto halina pa kutokea. Ichomeke eafraya ukutani, leo.