Naomba ushauri: nywila ndani ya YubiKey

Wakuu, habari za jioni. Nimenunua YubiKey 5, kile kifaa kidogo cha usalama cha kuchomeka kwenye USB, nikidhani nitajaza humo nywila zangu zote. Kumbe nafasi za nywila ni mbili tu: ukigusa kidogo inatoka ya kwanza, ukishikilia inatoka ya pili. Tena inaziandika kama kibodi, hivyo atakayeiokota akiigusa tu, nywila hiyo hapo! (Mwanangu keshaigusa, ikajiandika kwenye meseji ya watu.)

Sasa nawaza nywila zikae KeePassXC (programu ya kutunzia nywila), hiki kifaa kiwe cha kuifungulia. Ila kikipotea? Siri ya kuifungulia, tofauti na zile nywila, ikishaingia humo haisomeki tena, kwa hiyo ninunue cha pili na kuweka siri ileile kabla sijaanza? Bei inauma, jamani. Mnaotumia mnafanyaje?