Kabati la kuhifadhia silaha katika fleti ya Nairobi: ulinganisho wa machaguo manne

Mpangaji wa Kilimani:

Wanajukwaa, nawasalimu. Ninamiliki bastola moja na shotigani moja kwa cheti halali ambacho hukihuisha kila mwaka, na mwezi ujao familia yangu inahamia fleti ya kupanga katika ghorofa ya tatu, Kilimani. Tunakotoka kulikuwa na sefu iliyojengewa ukutani, mali ya mwenye nyumba, kwa hiyo sasa inanibidi ninunue yangu mwenyewe. Mke wangu hana cheti, watoto wana umri wa miaka 6 na 11, yupo dada wa kazi, na wakati wa likizo hatukosi wageni kutoka nyumbani Siaya.

Nimezunguka madukani hadi nikabaki na machaguo manne. La kwanza ni kisanduku cha bastola kinachofunguka kwa alama ya kidole, chepesi kiasi cha kubebwa kwa mkono mmoja, ambacho muuzaji alinihakikishia kwamba ndicho kinachouzika haraka kuliko vyote. La pili ni kabati refu la bunduki, la chuma cha milimita 3, lenye cheti cha kiwango cha Ulaya EN 14450 daraja la S1, ambalo mtu huchagua kati ya kufuli la ufunguo na la kubofya namba. La tatu ni sefu yenye kinga ya moto, ya kilo 230. La nne ni kumwendea fundi wa Kamukunji anichomelee kabati la vipimo nitakavyo. Bei nitazipima mwenyewe; ninachoomba kwenu ni kasoro ambazo muuzaji hawezi kuzitaja.

Mzee wa Shabaha:

Ndugu Mpangaji, kabla ya kulinganisha vyuma ni vyema useme wazi ni nani unayemzuia. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mwenye silaha aihifadhi salama wakati wote na achukue tahadhari zote za busara ili isiibwe wala isifikiwe na mtu asiyeruhusiwa kuwa nayo, na katika nyumba yako watu hao wasioruhusiwa ni wote isipokuwa wewe, mkeo akiwemo. Una basi wapinzani wa namna mbili: aliye ndani, mwenye udadisi na siku nzima ya kujaribu, na mwizi wa nje, mwenye zana lakini asiye na muda.

Kisanduku cha kidole kinashindwa na wote wawili. Mwizi hana haja ya kukifungua, kwa maana atakitia kwenye begi na kukivunja kwa utulivu huko aendako. Kuhusu aliye ndani, mwezi wa Oktoba 2023 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitangaza kurudishwa kwa sefu za silaha zipatazo 61,000 za Fortress Safe, kwa sababu mnunuzi angeweza kuamini kwamba amekwisha kusajili kidole chake ilhali kifaa bado kinamfungukia yeyote anayekigusa. Tangazo hilo lilitaja kifo cha mtoto wa miaka 12. Sisemi kwamba kila kufuli la kidole liko hivyo, ila anayelinunua inampasa kulijaribu kwa vidole vya watu wote wa nyumbani sefu ikiwa tupu, na arudie jaribio hilo kila baada ya kubadilisha betri.

Jambo jingine ambalo madukani halisemwi ni kwamba visanduku vingi vya bei rahisi, hata vya kubofya namba, huzuia komeo lake kwa kijipini kinachosukumwa na springi ndogo. Ukikipiga ngumi juu huku unazungusha kishikio, kijipini huruka na mlango kufunguka. Mwombe muuzaji ruhusa ya kujaribu hapo hapo dukani. Akikataa, umekwisha kupata jibu.

Fundi wa Chuma:

Mimi nafanya kazi ya kuchomelea na nitasema ukweli hata kama utanipunguzia wateja. Kutengeneza boksi la bamba la milimita 6 si kazi ngumu kwetu, na ukuta wake utakuwa mara mbili ya unene wa hilo kabati la Ulaya. Shida iko mlangoni. Sefu ya kiwandani ina mlango unaozama ndani ya fremu kwa nafasi ndogo mno, hivi kwamba mtaimbo haupati pa kuingilia, na nyuma ya kufuli kuna bamba gumu linalozuia keekee. Fundi wa kawaida akichomelea, joto huupinda mlango kidogo, naye hupanua nafasi ili ufunge vizuri. Nafasi hiyo ndiyo mwizi anayoitafuta. Pia angalia bawaba: zikiwa nje na upande huo hauna komeo za kuingia kwenye fremu, mtu akikata bawaba mlango unatoka wote.

Ukiamua kuja kwetu, usikubali geji 16, kwa kuwa hiyo ni kama milimita 1.5 tu na ndiyo tunayotumia kwenye milango ya kawaida ya nyumba. Kumbuka kwamba namba ya geji ikiwa ndogo chuma ndicho kinene. Agiza milimita 6 mwili na mlango, komeo pande zote nne, na ulete kufuli la sefu lililothibitishwa, si kitasa cha mlango wala kufuli la kuning'iniza. Ukishajumlisha gharama hizo zote, utaona kwamba tofauti ya bei na kabati la dukani imekuwa ndogo.

Mwanasheria Mpole:

Ninaunga mkono yaliyosemwa kuhusu sheria, na ninaongeza jambo dogo la kiutendaji: ndugu aliyefungua mjadala amwulize afisa anayeshughulikia faili lake katika Bodi ya Leseni za Silaha kabla ya kulipa, kisha ahifadhi risiti, cheti cha kiwango na picha za kabati likiwa limefungwa mahali pake. Siku ikitokea wizi, atakapopiga ripoti kituoni ataulizwa aliihifadhi vipi, na jibu la mdomo halitoshi.

Mhandisi South B:

Naona hapa tunazungumzia zaidi kabati na kidogo mno mahali litakaposhikizwa, ilhali kabati la milimita 3 lililofungwa vizuri ukutani linamsumbua mwizi kuliko sefu nzito iliyosimama peke yake. Hata viwango vya Ulaya vya EN 1143-1 vinazitaka sefu zenye uzito chini ya kilo 1,000 ziwe na tundu la kuzifunga sakafuni. Kilo 230 basi si uzito wa kujivunia, maana vijana watatu na kitoroli wanauhamisha.

Tuanze na sakafu. Sefu hiyo ikikalia eneo la nusu mita kwa nusu mita, mzigo wake ni sawa na kilo 920 kwa mita ya mraba, wakati sakafu za makazi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kilo 150 hivi kwa kila mita ya mraba zikiwa zimeenea chumba kizima. Haimaanishi kwamba slabu itaporomoka, kwa kuwa mzigo mmoja ulio karibu na ukuta au boriti husambaa vizuri, lakini mimi nisingeuweka katikati ya chumba bila kuona michoro ya jengo. Isitoshe, slabu nyingi za fleti zetu si zege tupu. Zimejengwa kwa matofali yenye uwazi yaliyopangwa kati ya mbavu za zege, na juu yake kukamwagwa tabaka jembamba. Bolti ndefu ikiangukia kwenye tofali itaning'inia katika uwazi na kung'olewa kwa mtaimbo mmoja. Humo sakafuni pia hupita mabomba ya nyaya za umeme, nayo mengine ya maji.

Kwa hiyo katika nyumba ya kupanga mimi huchagua ukuta. Tafuta ukuta wa mawe ya kuchongwa wa inchi 6 au 9, usiopakana na bafu, na usiwe ule wa mbao za jasi uliowekwa kugawanya chumba. Toboa kwenye jiwe lenyewe, kamwe si kwenye mota kati ya mawe. Bolti za kupanuka hulipasua jiwe laini, na mengi ya mawe yetu ni laini, kwa hiyo ni afadhali vijiti vya chuma vyenye nyuzi za skrubu, vya milimita 12, vilivyogandishwa kwa gundi ya kemikali, vinne, vyenye washa pana kwa ndani ya kabati. Na mahali hapo pawe kwenye kona, ubavu mmoja wa kabati ugusane na ukuta wa pili, ili mtaimbo usipate pa kuegemea.

Mama Wawili, Donholm:

Wazee mmesema mengi ya mwizi, lakini mimi ninawahofia zaidi watoto. Ufunguo unakaa wapi? Nyumba nyingi ninazozijua, ufunguo uko juu ya kabati la nguo au ndani ya soksi, na mtoto wa miaka 11 anapajua kuliko baba yake. Mimi ningechukua la namba.

Mzee wa Shabaha:

Dada yangu, hilo nalikubali nusu. Ufunguo unaotembea na mwenyewe mfukoni una faida kwamba hautegemei betri wala saketi, na ndivyo nilivyofanya miaka yote. Lakini mtu asiyejiamini kwamba hatauacha mezani anapoenda kuoga, basi na achukue la namba, mradi liwe limethibitishwa kwa EN 1300, kiwango cha Ulaya cha kufuli za sefu, na lisiwe na tundu la ufunguo wa dharura lililofichwa nyuma ya kifuniko cha plastiki, kwa maana tundu hilo mara nyingi huwa duni kuliko kufuli lenyewe. Umeme ukipotea hakuna hasara, kwa kuwa hutumia betri ya volti 9. Namba isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto.

Mkazi wa Karen:

Niseme kuhusu kinga ya moto, kwa kuwa ninayo sefu ya namna hiyo. Kinga yake ni mbao za jasi, ambazo zikipata joto hutoa mvuke wa maji uliofungika ndani yake. Ni nzuri kwa hati za ardhi na pasipoti, kwa sababu karatasi huanza kuungua kwenye nyuzi 177 hivi, lakini chuma cha bunduki hakina haja hiyo. Jasi hiyo hiyo hutunza unyevu, na katika majira ya mvua ya Machi hadi Mei nimelazimika kukausha pakiti za silika mara kwa mara na kupaka silaha mafuta. Nairobi si Mombasa, lakini kutu haichagui. Ninachosisitiza ni kwamba silaha ihifadhiwe ikiwa tupu na risasi zikae katika kisanduku chake chenye kufuli la pili. Risasi iliyo huru ikipashwa joto hupasuka bila nguvu kubwa, lakini iliyo ndani ya chemba ya silaha hutoka kwenye mtutu kama iliyofyatuliwa kwa kidole.

Mpangaji wa Kilimani:

Nawashukuru nyote. Nimeachana na kisanduku cha kidole na sefu nzito, na ninaelekea kwenye kabati la S1 lenye kufuli la namba, pamoja na kisanduku kidogo cha risasi ambacho ninamwomba Fundi anichomelee kwa ndani. Yamebaki mawili. Mwenye nyumba amekubali kwa mdomo nitoboe ukuta, ila anataka kujua utarudishwaje nikihama. La pili ni fundi wa kutoboa: sipendi mtu nisiyemjua aondoke akijua ninahifadhi nini na wapi.

Mwanasheria Mpole:

Idhini ya mwenye nyumba iwe kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu, na itaje "kabati la hati" pekee, kwa kuwa si uongo kwamba hati nazo zitakaa humo.

Mhandisi South B:

Pima matundu ya mgongo wa kabati kwenye karatasi, uibandike ukutani, na fundi atoboe na kugandisha vijiti kabla kabati halijafika. Gundi ikishakauka kwa muda ulioandikwa kwenye mkebe, utalipachika mwenyewe na ndugu mmoja. Mwambie fundi huyo kabisa kwamba ni rafu. Ukihama, vijiti hukatwa sawa na ukuta kwa grainda, mashimo yakazibwa kwa mota na kupakwa rangi, kazi ya asubuhi moja.