Kuku wa kuchoma: nyimbo za kiuno kwenye filamu za Kihindi

Shangazi wa Ngamiani
Jumapili nilikuwa naangalia Dabangg 2 na mtoto wa kaka yangu, ana miaka 12. Ile ya 2012, ya Salman Khan. Ikafika "Fevicol Se", Kareena Kapoor anacheza katikati ya wanaume chungu nzima. Wimbo huu nimeucheza harusini sijui mara ngapi, na Kihindi sikijui. Safari hii mtoto alikuwa anasoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini. Akaniuliza: "Shangazi, mbona anasema yeye ni kuku wa kuchoma, wamshushie na pombe?" Nikakosa jibu.
Kareena kwenye hadithi hayumo. Kaitwa anengue, kamera imtembee kiuno na kifua, basi. Nauliza kwa dhati: hii ni burudani, au mwanamke kageuzwa kitoweo cha macho ya wanaume?

Mti Mkavu
Burudani. Kareena ni mtu mzima, nyota mkubwa, hakushikiwa panga, na kalipwa. Halafu dada, wewe si wa Tanga? Baikoko, ile ngoma ya kukata viuno, imetoka wapi? Safisheni kwenu kwanza ndipo muihamie Mumbai.

Mdigo Halisi
Mti Mkavu, ngoma za watu usizitie mdomoni kama hujazaliwa nazo. Baikoko umeionea kwenye simu, tena kipande cha dakika moja. Unajua wapiga ngoma wake? Unajua inavyoanza?

Mti Mkavu
Najua inavyoishia. Kanga moja, imelowa.

Mdigo Halisi
Hiyo ni ya jukwaani, ya kuvutia wateja wa bia. Usichanganye.

Mzee wa Avalon
Watoto, punguzeni moto. Kelele hizi India zilipigwa tangu 1993, kwa wimbo wa Madhuri Dixit katika Khalnayak, "Choli Ke Peeche", unaouliza kuna nini nyuma ya blauzi. Aliyepanga mchezo ule ni Saroj Khan, mwanamke. Sauti ni za Alka Yagnik na Ila Arun, wanawake. Na "Sheila Ki Jawani" ya 2010, wimbo mwingine wa aina hiyo, mwongozaji wa filamu uliyomo ni Farah Khan, mwanamke pia. Sasa mwanamume wa kulaumiwa ni yupi hapo?

Mti Mkavu
Shikamoo mzee, umemaliza kesi. Na yule Mzungu, Helen, si alikuwa akicheza vilabuni kwenye filamu tangu enzi za baba zetu?

Mzee wa Avalon
Marahaba. Ila Helen si Mzungu. Kazaliwa Rangoon, mama yake Mburma. Vita vya Wajapani vikawakimbiza, wakaingia India kwa miguu, njaa tupu. Alianza kucheza akiwa bado binti mdogo ili nyumbani wale. Usimtaje kirahisi hivyo.

Kibibi wa Mkunazini
Ahsante mzee kwa hilo la njaa. "Kalipwa, kalipwa", kama vile malipo yanafuta kila kitu.
Bibi yangu Unguja alikuwa akienda sinema siku za zanana, wanawake peke yao. Mpaka anakufa alikuwa akisimulia Mother India ya 1957: Nargis kavaa jembe la ng'ombe begani, tope usoni, na mwisho anamfyatulia risasi mwanawe mwenyewe. Bibi alikuwa akifika hapo analia upya. Hakuwahi kutuhadithia kiuno cha Nargis.

Mti Mkavu
Kwa hiyo mnataka sinema za wanawake watupu, sisi tukae nje? Semeni wazi kwamba tatizo lenu ni wanaume.

Kibibi wa Mkunazini
Nani kasema ukae nje, kaka? Nimesema bibi alilia. Wewe ndiye uliyesikia umefukuzwa.

Shangazi wa Ngamiani
Nimenyamaza kwa sababu baikoko iliniuma, na nimeuma ulimi nisitukane. Sasa najibu. Mimi nimechezwa ngoma. Kiuno nimefundishwa na somo yangu, ndani, mlango umefungwa, hakuna mwanamume hata wa kupita uani. Kile kiuno kilikuwa changu. Nilikuwa na jina, nilikuwa na wimbo wa kumjibu anayenifunda, na nilicheka mpaka machozi. Kareena pale kazungukwa na wanaume wanaomeza mate, na kamera imekaa walipokaa wao. Mimi na yule mtoto tukawekwa kwenye kiti hicho hicho, tumtazame kwa macho yao. Hilo ndilo lililonikera, wala si kiuno.
Mzee, la Saroj Khan limenikaa na sitalikwepa. Mwanamke anaweza kumpamba mwenzake kwa ajili ya meza asiyoiandaa yeye. Somo zetu wangapi walitufunda "mumeo akitaka" bila kutuuliza sisi tunataka nini? Mikono ni ya kike, lakini kiti cha mtazamaji kimebaki pale pale.

Mdigo Halisi
Umesema, dada. Ila Mti Mkavu bado hajaomba radhi kwa baikoko.

Mti Mkavu
Siombi. Lakini naombeni jibu moja. Mwezi ujao mdogo wangu wa kike anaolewa, na mtu wa muziki nimemlipa mimi. "Fevicol Se" umo kwenye orodha. Niutoe?

Shangazi wa Ngamiani
Muulize bibi harusi. Msomee maneno kwanza.